Tupeane uzoefu: kubadili skima (muundo wa majedwali) programu moja inapokaa juu ya hifadhidata tofauti

mleta_mada
Wakuu, naanza na linalouma zaidi: muamala, yaani kundi la amri zinazopita zote au isipite hata moja. PostgreSQL na SQL Server zinakubali CREATE na ALTER ndani ya muamala. Hatua ya tatu ikigoma, ROLLBACK inafuta zote. MySQL na Oracle hazina huruma hiyo, kila amri ya aina hii inakomiti (inathibitishwa moja kwa moja) papo hapo. Skripti ya hatua tano ikifia ya tatu, mbili za mwanzo zimeshaingia, na ukiirudia inagoma hatua ya kwanza kwa kuwa safuwima ipo tayari. Ndiyo maana faili moja libebe badiliko moja. Faili zitajaa, acha zijae.

kufuli_wazi
PostgreSQL nayo ina mtego wake, mkuu. ALTER TABLE nyingi zinataka kufuli la jedwali zima. Kukiwa na SELECT ndefu inayoendelea, ALTER inasubiri, na kila anayekuja baadaye anapanga foleni nyuma yake, hata wasomaji. Jedwali linaonekana limekufa kumbe ALTER yenyewe haijaanza! Tanguliza SET lock_timeout = '3s', ikishindwa jaribu tena baadaye.

Kwa faharasa (index) ya jedwali kubwa tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY. Hiyo haikubali kuwa ndani ya muamala, hivyo zana yako ya kuendesha skripti za mabadiliko iambiwe isiufungue kwa faili hilo. Ikikatika njiani inabaki faharasa yenye alama INVALID: haisaidii usomaji, ila inaendelea kuchelewesha uandishi. IF NOT EXISTS haikuokoi hapo. Inaona jina lipo, inapita kimya. Futa kwanza, ndipo urudie.

nukta_mkato
Oracle: maandishi matupu '' ni NULL, yaani hakuna thamani. Safuwima ya NOT NULL DEFAULT '' inayopita kwingine, huko INSERT itakataliwa.
Majina pia. Kabla ya 12.2 Oracle iliishia baiti 30. PostgreSQL inakata jina kwenye baiti 63 na kutoa taarifa tu, MySQL inakataa jina linalozidi herufi 64. Bakini chini ya 30 mlale usingizi.

jedwali_jipya
SQLite mmeisahau. RENAME COLUMN ilikuja na 3.25, DROP COLUMN na 3.35. Kubadili aina ya safuwima bado ni safari: unda jedwali jipya, INSERT ... SELECT, futa la zamani, badili jina, rudisha faharasa na trigga (amri zinazojiendesha data ikibadilika). PRAGMA foreign_keys=OFF (kuzima ukaguzi wa viungo kati ya majedwali) iwekwe kabla ya BEGIN, kwani ndani ya muamala haifanyi kitu. Ukiiacha imewashwa, kufuta jedwali la zamani kunaweza kuzoa na safu za majedwali watoto zenye ON DELETE CASCADE (mzazi akifutwa, watoto nao wanafutwa).

kufuli_wazi
@jedwali_jipya hapo kwenye CASCADE umegusa penyewe. Nyongeza kwa wanaotumia Liquibase, zana ya kuendesha mabadiliko ya skima: mchakato ukiuawa katikati, kufuli linabaki kwenye DATABASECHANGELOGLOCK na kila uzinduzi unaofuata unasubiri. Hakikisha hakuna mwingine anayeendesha, kisha endesha amri yake ya release-locks. Wa Flyway, zana nyingine ya kazi hiyo, faili lililokwisha kupita msiliguse hata maoni yake, ukaguzi wa validate utagoma. Andikeni faili jipya la V (lenye namba mpya ya toleo).