Kupima ufanisi wa sera za malisho: je, ukijani unatosha?

Mwanafunzi wa Tudor
Asalaam aleikum. Ninaandika tasnifu kuhusu sera ya China ambayo tangu mwaka 2011 imewalipa wafugaji fidia: mwanzoni (2011 hadi 2015) ilikuwa yuani 6 kwa mwaka kwa kila mu palipopigwa marufuku kulisha (hekta moja ni mu 15), na yuani 1.5 kwa kila mu kwa mfugaji asiyezidisha mifugo kuliko uwezo wa ardhi. Picha za setilaiti nilizokusanya zinaonyesha kuwa ukijani umeongezeka. Je, naweza kukiita hicho kipimo cha ufanisi?

Mkaazi wa Likoni
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hayo ni matokeo; ufanisi ni matokeo yakipimwa dhidi ya gharama. Njia inayotumika sana ni ile ya Charnes, Cooper na Rhodes ya mwaka 1978, ambayo hutazama kila wilaya imetoa nini (fidia, ardhi, nguvukazi) na imevuna nini, kisha huilinganisha na zile zilizovuna zaidi kwa kutoa kidogo. Lakini alama ya 1, iliyo ya juu kabisa, isikudanganye, kwani maana yake ni kwamba hakuna aliyeishinda wilaya hiyo katika kundi ulilolichagua wewe, na kundi likiwa dhaifu, dhaifu mmojawapo atatoka bingwa. Halafu kuna mvua. Tafuta kwanza uhusiano wa mvua na ukijani kwa miaka ya kabla ya 2011, kisha uone ni kiasi gani cha ukijani wa baadaye ambacho mvua peke yake haiwezi kukieleza.

Binti Mfugaji, Kinango
Namuunga mkono kaka wa Likoni, ila setilaiti haichungi. Sisi Wakenya twaujua mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kuvamia malisho ya Baringo na Tana River: ukiutazama kutoka angani ni kijani kitupu, nao ng'ombe hana pa kupita. Marehemu baba hakujali rangi. Alikuwa akichuchumaa, anavuta shina la nyasi aone kama mizizi imeshika, kisha anapima kwa shubiri pengo la udongo mtupu hadi shina la pili. Kwa hiyo chukua fremu ya mita moja kwa mita moja, kata kilichomo, tenga kinacholiwa na kisicholiwa, kausha mpaka uzito usibadilike tena, ndipo upime. Ni kazi ya kuchosha mgongo, lakini bila hiyo hujui ukijani wako ni wa nini.

Mwanafunzi wa Tudor
Nawashukuru sana. Nilikuwa nimekusudia kulinganisha eneo lililofungwa na lile linalopakana nalo, kwa kuwa mvua ni ile ile.

Binti Mfugaji, Kinango
Hapo utajikwaa, mdogo wangu. Mifugo iliyoondolewa huku hulishwa hapo jirani, na palipopakana pakichakaa, palipofungwa pataonekana pazuri kuliko palivyo. Tafuta eneo lenye mvua na udongo kama huo, lakini lililo mbali kiasi kwamba mchungaji hawezi kulifikia na kundi lake, na hasara ya hapo jirani uihesabu upande wa gharama za sera.