Kwa nini grafiti ya Nairobi ilipanda matatu badala ya treni?

Abiria wa Ruiru:
Wanajukwaa, salaam. Matatu ninayopanda jioni imejaa sura za wanamuziki na wanasoka kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, ilhali behewa linalonipeleka mjini asubuhi halina hata jina moja ubavuni. Kwa kuwa grafiti ya New York ilikulia kwenye treni, naomba kufahamishwa kwa nini kwetu mambo yalikwenda kinyume, na kama treni zetu ziliwahi kuchorwa.

Mzee wa Laini Saba:
Ziliwahi, ndugu yangu. Mapema mwaka 2013, kabla ya uchaguzi wa Machi, wachoraji Bankslave, Swift9 na Uhuru B, wakiwa na Mmarekani Joel Bergner na vijana wa Kibera, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, walichora ujumbe wa amani kwenye mabehewa ya treni ya abiria, kwa idhini ya Rift Valley Railways iliyokuwa ikiendesha reli wakati huo. Ikumbukwe kwamba mapema 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, watu wenye hasira waliing'oa reli hiyohiyo hapa Kibera, na mizigo ya kwenda Uganda ikakwama. Ukuta husomwa na majirani zake tu, na kila kijiji cha Kibera kina kuta zake na siasa zake. Treni hupita katikati ya wote, karibu kabisa na vibanda, bila kuuliza nani alimpigia nani kura. Kwa maoni yangu, hakuna ukuta ungeifanya kazi hiyo.

Fundi Rangi:
Naongezea kuhusu New York. Kijana wa Bronx wa miaka ya 1970 alitaka jina lake lisafiri, na treni ilimsafirishia bure. Wakuu wa usafiri walipolitambua hilo, kuanzia 1984 walijitahidi kuhakikisha kwamba behewa lililosafishwa likichorwa tena haliingii kazini kabla ya kuoshwa, na tarehe 12 Mei 1989 wakatangaza kwamba la mwisho lenye michoro limeondolewa. Jina lisilotoka karakana halina faida kwa mwenyewe. Kwetu jina husafiri kwa matatu, tena mwenye gari ndiye anayelipa, kwani vijana huchagua gari kwa sura yake. Kanuni za matatu za 2004 za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoleta mstari wa manjano ubavuni mwa gari, ziliibana kazi hii kwa miaka mingi, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipowafungulia wachoraji mlango tena. Mwenzetu wa New York alichora usiku akiwa na sikio moja kwa walinzi; sisi huchora mchana gereji, na bei hukubaliwa kabla kopo la rangi halijatikiswa.

Bi. Zuhura:
Lakini Fundi, kazi iliyoombewa ruhusa bado ni grafiti kweli? Mimi naona imekuwa tangazo.

Fundi Rangi:
Dada Zuhura, mkono ni uleule na kopo ni lilelile. Kilichopungua ni hofu, nami siitamani hata kidogo. Anayetaka kuchora treni leo na apeleke kwanza mchoro wa karatasi kwa wenye reli, akionyesha kwamba madirisha, milango na namba za behewa vimeachwa wazi.