Lewiston au Portland? Wasomali na Wakongo wa Maine, wapi familia inaweza kusimama

Baba_Nyarugusu
Habari za humu ndugu zangu. Naomba ushauri, mkataba wetu wa nyumba unaisha mwezi wa sita. Tuko Texas, Marekani, tunataka kuhamia jimbo la Maine. Majirani wawili wametutangulia huko na kila mmoja ananivuta upande wake. Wa Portland anasema Wakongo wamejaa, makanisa yapo, nitajiona niko nyumbani. Wa Lewiston anasema Wasomali wa pale wameshajijenga, wana maduka, wana wawakilishi serikalini, na ukitaka kuinuka ukae karibu na walioinuka. Nikitazama kwa mbali naona kweli Wasomali wako mbele. Kwa nini wao wanasonga na sisi tunasuasua, wakati wote ni wakimbizi? Mwenye familia aende wapi?

Binti_Uvira
Karibu kaka. Lakini hujatuambia kitu. Uliingia na karatasi gani, mkimbizi wa UNHCR au uliomba hifadhi ulipofika? Watoto wangapi? Mama anafanya kazi? Mna gari? Kiingereza kikoje? Bila hayo kila mtu atakujibu kwa maisha yake mwenyewe.

Mzee_wa_Ghala
Nenda Lewiston, usisumbuke. Vyumba viwili Portland utalipa zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi, na kupata ni kwa kubahatisha. Lewiston ni nafuu. Kima cha chini cha mshahara Portland mwaka 2025 kilikuwa dola 15.50 kwa saa, jimbo zima 14.65. Tofauti hiyo ya senti themanini na tano haifidii kodi hata siku moja.

Binti_Uvira
Mzee, kodi peke yake haijibu alichouliza. Ameuliza kwa nini jamii moja iko mbele, na ndani ya swali ameweka kitu ambacho si kweli, kwamba wote ni wakimbizi.

Wasomali walioanza kumiminika Lewiston mwaka 2001 waliingia Marekani kama wakimbizi waliokubaliwa tangu kambini. Wengi walipelekwa kwanza Clarkston kule Georgia, au Columbus, Ohio, wakaona shule na mitaa haiwafai watoto, wakajihamia wenyewe. Mkimbizi wa aina hiyo anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku anayotua, na baada ya mwaka mmoja anaomba grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu. Alipofika Lewiston alikuwa ameshavuka hatua hiyo.

Sasa chukua Mkongo wa Portland. Mwezi wa sita 2019 walifika mamia kwa siku chache, Wakongo na Waangola, mji ukafungua ule ukumbi wa michezo wa Expo wakalala kwenye vitanda vya kukunja. Walikuwa wametoka Brazil, wakapita kwa miguu msitu wa Darién, kati ya Colombia na Panama, hadi mpaka wa Mexico. Hawa ni waomba hifadhi. Sheria inawataka wawasilishe ombi kwanza, wasubiri siku 150 ndipo waombe kibali cha kazi, na kibali hakitoki kabla ya siku 180. Muda wote huo mtu mzima, mwalimu, fundi umeme, anakaa na mikono yake. Anaishi kwa msaada wa manispaa, ambao kwa sheria ya Maine ya 2015 muomba hifadhi anaweza kuupata hadi miezi 24. Halafu mtu anapita pale anasema Wakongo hawajitumi! Inaniuma sana kusikia hivyo, zaidi inapotoka kwa Mkongo.

Mkaazi_LisbonStreet
Salaam. Mimi ni Msomali, nimelelewa Eastleigh, na Lewiston nimekaa miaka mingi. Binti ameongea ukweli, ila nami nirekebishe picha ya majirani wa Baba. Maduka ya Lisbon Street yapo, nyama ya halali, nguo, simu, kutuma pesa. Lakini mengi ni madogo, yanalisha familia moja. Wengi wetu tuko maghalani na kwenye nyumba za wazee. Familia nyingi bado zinapanga zile nyumba za mbao za ghorofa tatu nne za katikati ya mji, zilizojengwa enzi za viwanda vya nguo kwa wafanyakazi wanaozungumza Kifaransa kutoka Quebec, Kanada.

Na hatukupokewa kwa maua. Oktoba 2002 meya wa wakati huo aliandika barua ya wazi akitaka Wasomali wapunguze kuja, akisema mji umechoka. Januari 2003 wabaguzi wakaja kuandamana, wakajitokeza wachache sana, na siku hiyohiyo maelfu ya watu wa Maine wakakusanyika chuo cha Bates kutuunga mkono. Safiya Khalid alichaguliwa baraza la mji wa Lewiston 2019, Deqa Dhalac akawa meya wa South Portland 2021. Hesabu mwenyewe, kutoka 2001 ni karibu miaka ishirini. Wakongo wa Expo wamefika 2019 tu. Huwezi kuwapima kwa kipimo kimoja.

Mzee_wa_Ghala
Muda sawa, karatasi sawa. Lakini kuna umoja pia. Msomali akitaka kufungua duka, ukoo unachanga, hana haja ya benki wala riba. Sisi Wakongo mchango unatoka haraka kwenye msiba na harusi, kwenye biashara kila mtu na lwake. Hilo huwezi kulisingizia sheria ya uhamiaji.

Binti_Uvira
Likelemba ni nini basi? Kina mama wa Portland wanazungusha likelemba kila mwezi, yaani upatu. Tofauti ni kwamba asiye na kibali hana cha kuweka kwenye mzunguko. Na usisahau nusu ya mshahara inarudi nyumbani. Wao wanatuma kambi ya Dadaab na Mogadishu, sisi Bukavu na kambi ya Nyarugusu. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mimi sijaweka akiba hata dola kumi. Ndugu wako njiani na godoro kichwani, utawaambia unajenga mtaji?

Mkaazi_LisbonStreet
Poleni sana dada.

Mtanga_wa_Handeni
Naingia kwa heshima. Mnaposema "Wasomali wa Lewiston" mnachanganya watu wawili. Wapo Wabantu wa Somalia, na wengi wao asili yao ni huku kwetu. Mababu zao walitolewa Tanga na pwani yote ya kusini karne ya 19, wakauzwa utumwani Benadir, pwani ya Somalia, waliotoroka wakaanzisha vijiji kando ya mto Juba. Mpaka leo wapo wanaozungumza Kizigua, mzee wa Handeni anawasikia bila mkalimani. Vita vya 1991 viliwaangukia vibaya kwa sababu walikuwa wakulima, hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Baadhi walirudi Tanzania, wakapewa ardhi Chogo, wilaya ya Handeni, na uraia. Wengine, kama elfu kumi na mbili, Marekani iliwachukua kuanzia 2003, na wengi wakahamia Lewiston baadaye.

Hawa hawakuwa na maduka Mogadishu wala ndugu wafanyabiashara Dubai. Kule Somalia shule na kazi za serikali walinyimwa. Kwa hiyo hata ndani ya hao mnaowaita walioendelea kuna waliokuwa chini kabisa, na utajiri wa mmoja haumfikii mwingine.

Mkaazi_LisbonStreet
Ni kweli, na ni jambo sisi wenyewe tunaona haya kulizungumza. Watoto wetu waliosoma shule moja hapa wanaoana na kucheza mpira pamoja. Wazee bado.

Mama_Grace
Baba, naona wanakuvuta huku na huku. Ngoja nikwambie yaliyonipata, maana mimi ni mmoja wa wale wa Expo.

Tulifika mimi, mume wangu na watoto. Kesi yetu ilikuwa mahakama ya uhamiaji ya Boston, na tuliambiwa ombi la hifadhi liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Mwanasheria wa bure foleni yake ilikuwa ndefu. Kanisani kukawa na mtu mmoja, Mwafrika mwenzetu, anajaza fomu za watu. Anaongea Lingala, Kifaransa, Kiswahili, anafika mpaka nyumbani, anakunywa chai, anabeba mtoto. Akataka dola 800. Tulikuwa tunakula vocha, tukakopa kwa mtu wa Ohio tukampa. Akaandika hadithi yetu, tukalia pale mezani tukimsimulia. Akatuonyesha karatasi yenye muhuri, akasema imeshapokelewa, hesabuni siku 150 tu.

Tukahesabu. Siku zikafika, kibali hakuna. Akasema ni Korona, ofisi zimefungwa. Tukamwamini kwa sababu kweli zilikuwa zimefungwa. Akawa hapokei simu. Mume wangu akaenda kwake, mlango ukafunguliwa na mtu mwingine, amehama. Tulipompata mwanasheria, akaangalia mahakamani, hakuna ombi. Ule muhuri ulikuwa wa karatasi nyingine kabisa. Mwaka ulikuwa umeshapita. Mwanasheria alipigana sana kueleza kwa nini tumechelewa, ombi likaingia, na hapo ndipo siku 150 zikaanza upya, moja. Mume wangu ni fundi wa mashine za migodi, alikuwa Kolwezi. Alikaa ndani muda wote huo akikunja nguo za watoto. Aliacha kuongea mezani. Alipopata kibali alikwenda kiwandani kukata samaki usiku, na alifurahi mpaka akaimba.

Kwa hiyo anaposema mtu Wakongo wanasuasua, namwambia hajui mtu anavyooza kwa kuzuiliwa kazi. Na hao wanaotuibia ni wenzetu. Ukifika Portland, swali la karatasi peleka ILAP, shirika la wanasheria wa wahamiaji, usimpe mtu wa kanisani hata awe mchungaji.

Binti_Uvira
Mama Grace, asante kwa kusema. Mungu awape nguvu. Na kwa wanaosoma sasa, Julai 2025 serikali iliweka ada mpya, dola 100 kuomba hifadhi na dola 550 kibali cha kwanza cha kazi. Mtu asiye na ruhusa ya kufanya kazi atazitoa wapi?

Baba_Nyarugusu
Nimesoma yote, na la Mama Grace limenishika. Majibu niliyoulizwa: tuliingia 2017 kutoka Nyarugusu kama wakimbizi, wote tuna grinikadi, mimi nimeanza kujaza fomu za uraia. Watoto wanne, mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Gari moja. Nilikuwa machinjioni Texas, bega limechoka, sitaki tena nyama. Mke ni fundi cherehani, Kiingereza chake kidogo. Mimi najitahidi. Tunasali Pentekoste. Lingala hatujui, tunaongea Kibembe na Kiswahili.

Binti_Uvira
Hilo ulipaswa kuanza nalo kaka! Kwa karatasi wewe uko upande mmoja na Wasomali wa Lewiston, hauko na watu wa Expo. Na jirani yako wa Portland hakukwambia kwamba Wakongo wengi wa pale ni watu wa Kinshasa, ibada ni Lingala na Kifaransa, na Waangola wana Kireno chao. Watakupokea vizuri, lakini mke wako anaweza kukaa kwenye benchi la kanisa asielewe mahubiri. Watu wa Kivu waliopita kambi za Tanzania, Uganda na Kenya wapo, ila wametawanyika kote kuwili.

Mzee_wa_Ghala
Nilisema Lewiston.

Mama_Grace
Lewiston na mtoto wa mwaka mmoja na nusu? Baba, zile nyumba za zamani za katikati ya mji zina rangi yenye madini ya risasi. Lewiston imekuwa kati ya miji yenye watoto wengi zaidi wenye risasi kwenye damu Maine nzima. Rangi hiyo ilipigwa marufuku 1978, na nyumba zile ni za zamani mno. Mtoto anatambaa, anashika vumbi la dirishani, anaweka mdomoni. Haionekani wala hainuki, inaharibu akili taratibu.

Mkaazi_LisbonStreet
Ni kweli na si jambo dogo. Muulize mwenye nyumba karatasi ya ukaguzi wa risasi kabla hujasaini, na madirisha uyatazame mwenyewe. Mji umepata fedha za serikali kuu za kusafisha, kuna nyumba nyingi zimeshafanyiwa kazi. Maine ni sheria watoto wapimwe damu wakiwa na mwaka mmoja na miwili, wa kwako apimwe mara mnapofika. Na uliza joto analipa nani. Kama ni wewe, na ni la mafuta, kodi nafuu ya Mzee hapo juu itaishia kwenye tangi mwezi wa kwanza.

Mzee_wa_Ghala
Hapo sina ubishi. Joto nalipa mwenyewe, Januari ni mwezi mgumu.

Baba_Nyarugusu
Na cherehani? Mke anaweza kupata wateja?

Mkaazi_LisbonStreet
Kina mama zetu wanashona dirac, gauni la Kisomali, na nguo za harusi, kazi ipo ila bei wanabishana sana. Kwa mshahara wa uhakika asome kwanza cheti cha msaidizi wa wauguzi, nyumba za wazee zinatafuta watu kila siku, Maine imejaa wazee.

Binti_Uvira
Akiwa Portland madarasa ya Kiingereza ya watu wazima ni mengi zaidi, hilo nalo mpime. Kati ya miji hii miwili ni kama dakika 45 kwa gari. Mna gari moja tu, je, atakayefanya kazi usiku ni nani?

Baba_Nyarugusu
Hapo ndipo tumekwama. Tutakuja kutazama mwezi wa nne, nyumba na shule, miji yote miwili, kabla ya kusaini chochote.

Mtanga_wa_Handeni
Ukifika Lewiston tafuta Wazigua. Chama cha Wabantu wa Somalia kina shamba kwenye mji mdogo wa Wales, karibu tu, familia zinagawana vipande na kulima kwa pamoja.

Mama_Grace
Samahani naingilia, shamba hilo wanauza unga? Huku madukani unga wa mahindi wa Kimarekani haushiki ugali, unabaki uji.

Mtanga_wa_Handeni
Wanalima mahindi yao magumu na wanasaga. Linaitwa Liberation Farms. Uliza kama mavuno ya mwaka huu yamebaki.