Mjadala: Je, kapasita moja kwenye tuita inatosha kwa spika za kutengeneza wenyewe?

Mtoa mada

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo huzua ubishi kila ninapokaa na mafundi wa spika. Spika nyingi zinazotengenezwa vibandani mwetu huwa na wufa, yaani spika kubwa ya besi, iliyoungwa moja kwa moja kwenye amplifaya, na tuita, ile ndogo ya sauti za juu, iliyowekewa kapasita moja tu ili isipokee besi, kisha mnunuzi huambiwa kwamba hiyo ni spika ya njia mbili. Je, fundi anayelipwa kwa kazi hiyo anaruhusiwa kuishia hapo, au anawajibika kuunda krosova kamili, yaani saketi inayogawa masafa kati ya wufa na tuita?

Mimi nasema asiishie hapo, na ushahidi wangu ni tuita mbili nilizoziunguza mwenyewe. Nilitumia kanuni inayojulikana, ya kugawa 159,000 kwa masafa yaliyozidishwa na omu, nikapata kwamba tuita ya omu 8 itakatwa kwenye hezi 3,000 kwa kapasita ya maikrofaradi 6.6. Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kapasita hukata kama kisu, ilhali hupunguza polepole, desibeli 6 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu, hata kwenye hezi 1,500 tuita bado inapokea kama sehemu moja ya tano ya nguvu ambayo ingeipata bila kapasita. Masafa ya asili ya tuita zangu, yale ambayo utando hutikisika kupita kiasi, yalikuwa papo hapo, na sherehe ya usiku mmoja ikazimaliza. Ningetumia mpango wa wahandisi Linkwitz na Riley, yaani kapasita ya 3.3 pamoja na koili ya milihenri 0.85 iliyofungwa sambamba na tuita, nguvu hiyo ingeshuka hadi moja ya ishirini na tano.

Jibu la kwanza

Pole kwa hasara, ndugu mtoa mada, ila umeibebesha kapasita kosa la aliyeichagua. Hiyo 3.3 peke yake, bila koili yoyote, ingekata kwenye hezi 6,000, na kwenye 1,500 tuita ingepokea kama moja ya kumi na saba tu ya nguvu. Pengine zingekuwa zinalia hadi leo.

Kuna jambo lingine ambalo wapenda krosova kubwa hulikwepa. Krosova ya ngazi ya kwanza, yenye kapasita moja kwa tuita na koili moja kwa wufa, ikifanya kazi kama inavyoandikwa kwenye karatasi, ndiyo pekee kati ya krosova za kawaida ambayo sauti za wufa na tuita zikijumlishwa hurudi kuwa ileile iliyotoka kwenye amplifaya. Ukipanda ngazi ya pili ya Linkwitz na Riley unalazimika kugeuza nyaya za tuita, chanya kwenye hasi, la sivyo sauti hutoboka shimo palepale zinapokutana. Ni mafundi wangapi hulikumbuka hilo? Nimefungua maboksi kadhaa yenye bodi za dukani na kukuta tuita imeungwa kinyume cha inavyotakiwa. Afadhali kapasita moja inayoeleweka kuliko bodi isiyoeleweka.

Jibu la pili

Wote wawili mmeisahau wufa. Wufa iliyoandikwa omu 8 si rizista ya omu 8: multimita huonyesha kama 6, na koili yake ya sauti ina milihenri zake, tuseme 0.5. Ukiifungia kwa mfululizo koili ya 0.42, ambayo ndiyo jibu la kanuni kwa hezi 3,000, hizo mbili zinagawana volteji, na kwa hesabu volteji ya wufa haitashuka zaidi ya desibeli 5.3 hata masafa yapande vipi. Hiyo ngazi ya kwanza ya kwenye karatasi haipo ndani ya boksi. Dawa yake ni rizista ya omu 7.5 na kapasita ya maikrofaradi 9 kwa mfululizo, zifungwe sambamba na wufa, ndipo upige hesabu ya koili kwa omu 6 na si 8.

Jibu la tatu

Na fundi wa kibandani atazipimia wapi hizo milihenri?

Mtoa mada

Kwa ndugu wa kwanza, nakubali kwamba nilichagua masafa vibaya. Hata hivyo wufa zangu ni za inchi 6 na nusu, na tuita ikianzia hezi 6,000 wufa hubaki na kazi hadi huko, ambako urefu wa wimbi haufiki sentimita 6, kwa hiyo sauti hutoka kama mwanga wa tochi: aliye katikati ya kochi anasikia maneno ya mwimbaji, aliye pembeni anasikia nusu. Kwa hiyo hiyo 3.3 ingeokoa tuita na kumnyima msikilizaji.

Kwa ndugu wa tatu, hakuna kifaa cha kununua. Funga rizista ya omu 10 kwa mfululizo na wufa, piga toni ya hezi 3,000 kutoka kwenye simu kupitia amplifaya kwa sauti ya chini, pima volteji ya wufa, kisha ya rizista, gawa ya kwanza kwa ya pili na uzidishe kwa 10. Multimita za bei nafuu hukosea volteji ya masafa hayo, lakini zinakosea kwa uwiano uleule mara zote mbili, na kosa linajifuta lenyewe. Jibu ni omu za wufa kwenye hezi 3,000, na kwa hizo pamoja na omu za multimita ndipo milihenri hukokotolewa. Wufa yangu ya «omu 8» ilitoa omu 11.