Msaada: gemu za Steam diski moja, Windows na Linux zizitumie zote

kijana_wa_Sinza
Wakuu, salaam. Mashine yangu ina Windows 11 na Linux Mint. Gemu za Steam (duka la gemu) zipo diski ya pili, yenye NTFS (mfumo wa faili wa Windows), karibu GB 400. Nataka Linux icheze hizohizo, maana bando la kuzishusha upya sina. Steam ya Linux inaziona, ila gemu ikifunguka inajifunga papo hapo. Mara nyingine diski inakataa kuandikwa kabisa. Nianzie wapi?

bodi_mama
Mkuu, hayo ni matatizo mawili. Diski kukataa kuandikwa ni Fast Startup: Windows ukiizima haizimiki kweli, inaiacha diski nusu wazi, na Linux ikiikuta hivyo inaisoma tu. Ingia Windows, fungua Command Prompt kama administrator, andika `powercfg /h off`, zima.

Kujifunga ni Proton, ile programu ya Steam inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux. Inatengeneza folda ya compatdata pembeni ya gemu, na ndani kuna majina kama `c:` na `z:`. Windows haikubali nukta pacha kwenye jina la faili, na NTFS inaweza kuharibika hapo. Funga Steam, futa compatdata iliyopo kwenye diski ya gemu (save za Linux zinakili kwanza), halafu tengeneza mpya kwenye diski ya Linux na simlinki (folda ya mkato) ya kuielekeza huko. `/mnt/gemu` ni mahali diski ya gemu inapofunguka kwenye Linux:

`mkdir -p ~/.steam/steam/steamapps/compatdata`
`ln -s ~/.steam/steam/steamapps/compatdata /mnt/gemu/SteamLibrary/steamapps/`

Kwenye `/etc/fstab`, faili inayoiambia Linux diski ifunguke wapi na vipi, weka mstari huu; UUID (namba ya utambulisho wa diski) utaipata kwa `lsblk -f`:

`UUID=... /mnt/gemu ntfs-3g uid=1000,gid=1000,rw,user,exec,umask=000,nofail 0 0`

`exec` ikae baada ya `user`, kwa sababu `user` peke yake inazuia programu kuendeshwa.

dada_terminali
Linda bando pia. Gemu yenye toleo la Linux, Steam itashusha faili za Linux, ukirudi Windows inashusha tena za Windows. Kabla hujabonyeza kucheza, nenda Properties, Compatibility, ilazimishe itumie Proton. Save zisizo na Steam Cloud hazihami zenyewe. Za Linux zimo `compatdata/namba ya gemu/pfx/drive_c/users/steamuser`.

kijana_wa_Sinza
Asanteni sana. Nikiibadili diski kuwa exFAT (mfumo mwingine wa faili) si rahisi zaidi?

bodi_mama
Hapana mkuu, exFAT haina simlinki, hiyo `ln -s` itagoma. Baki na NTFS. Na umeme ukikatika gemu ikiwa wazi, usitegemee `ntfsfix` ya Linux, hiyo si matengenezo kamili ya diski. Rudi Windows upige `chkdsk D: /f`, ukiweka herufi ya diski yako.