Nataka kuchunguza mafuta na viumbe vya Ziwa Albert, nianzie wapi?

MtotoWaMwalo: Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa mwisho chuo, nimezaliwa mwaloni upande wa Butiaba, Uganda, baba anavua, mama anaanika muziri, wale samaki wadogo kama dagaa. Nataka utafiti wangu uwe juu ya mafuta na viumbe vya majini maana miradi ya kuchimba mafuta ya Tilenga na Kingfisher iko pale pale kando ya ziwa letu na bomba la kwenda Tanga, kilomita 1,443, linaanzia Hoima. Wazee kwetu wanasema muziri wamepungua, wanalaumu taa za mitambo usiku. Mimi nilifikiri ninunue sangara sokoni nikapime nyama. Pesa sina, mtumbwi wa baba upo. Nisaidieni.

Topeni: Karibu sana ndugu. Sangara wa sokoni achana naye, hujui katoka wapi, leo yuko kwetu kesho Congo, halafu ini la samaki linavunja hidrokaboni, yaani kemikali za mafuta, haraka, nyama unaweza kuikuta safi na kumbe alipita kwenye uchafu. Anza na tope. Vile vidudu vinavyopaa ziwani kama moshi, mabuu yao yanakaa humo chini, na konokono pia, hao hawahami. Chota sehemu zile zile kila mwezi, karibu na kazi za mafuta na mbali nazo, uhesabu nani yupo na nani katoweka. Tumia chupa za kioo, sio plastiki. Na injini izimeni kabisa mpige kasia, mimi nilipoteza sampuli za wiki nzima kwa petroli iliyodondokea kamba tu, iliniuma sana.

Mzee wa Bunyoro: Mwanangu, mafuta yalikuwepo kabla ya kampuni. Kibiro pale kwa akina mama wanaotengeneza chumvi yanachuruzika yenyewe toka ardhini, Wayland mjiolojia aliyaandika miaka ya 1920, na 1938 kisima cha mafuta cha Waki kilichimbwa huko huko kwenu Butiaba. Kwa hiyo ukikuta hidrokaboni topeni bado hujamshika mtu. Omba maabara ilinganishe aina, ya Kibiro, ya injini za boti, na ya visimani, kila mafuta yana alama zake kama za kidole.

MtotoWaMwalo: Shikamoo mzee, ya Waki sijawahi kuambiwa na nimekulia hapo! Na hii ya taa je, ni maneno tu?

Nyamuziri: Sio maneno tu mdogo wangu. Muziri tunawavuta kwa taa usiku wa giza, mwezi ukijaa hawasogei kwenye taa zetu, sasa mwanga mkubwa ufukweni kwa nini usifanye kama mwezi? Ila pima. Mpe baba daftari aandike kila usiku mwezi ukoje, ametegea wapi, beseni ngapi. Andika pia nyavu za macho madogo na maji yaliyopanda 2020 yakameza mialo, maana hayo nayo yanaweza kuwa sababu ya muziri kupungua, wasije wakakuuliza ukakwama.

Topeni: Naongeza, usisahau pale Nile inapoingia ziwani kwenye mafunjo, vifaranga vya samaki vinakulia humo. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta 1989 kule Alaska ilionekana hidrokaboni kidogo sana zinaharibu moyo wa samaki akiwa bado yaini, mkubwa anaogelea kama kawaida na wewe unaona ziwa liko salama.

MtotoWaMwalo: Daftari nimenunua leo. Baba anasema ataandika kwa Kialur, sawa tu, nitatafsiri mwenyewe.