Jahazi lililoshonwa kwa kamba linatumwaje ubalozi? Mafundi mnasemaje

Fundi_Mafinga:
Kamwene wadau. Mimi ni seremala hapa Mafinga: milango, vitanda, mapaa, na mbao zangu ni misindano ya Sao Hill. Juzi kijana wangu kanionesha kwenye simu jahazi linaitwa Jewel of Muscat. Oman walilijenga kwa kufuata lile la karne ya 9 lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, wakalisafirisha mwaka 2010 kuwapa Singapore zawadi. Mita 18, msumari hakuna, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi! Lilivukaje bahari? Na serikali inafaidika nini kugawa kitu kama hicho bure?

Mtanga_Uyole:
Fundi, kushonwa ndiko kulikolibeba. Unatoboa matundu kwenye kingo za mbao mbili, unapitisha kamba, chini ya mshono unalaza nyuzi, unavuta mpaka mbao zinabanana kabisa, ndipo unaziba matundu. Wimbi likipiga, chombo kinanyumbuka. Ubao ukioza unafumua, unashona mwingine. Mbao ni za jamii ya mkongo, zilitoka Ghana. Dosari hazikukosekana: milingoti ilipata nyufa, wakaibadilisha Sri Lanka. Lilitoka Muscat Februari, likatia nanga Singapore Julai.
Kuhusu faida: lile la zamani lilijaa vyombo vya udongo vya China, na vingi viko makumbusho hapo hapo Singapore. Sasa Oman wanaleta jahazi lenyewe. Hotuba ya nini tena?

Binti_Matema:
Mtanga kaacha utamu! Zile bakuli za China zilipangwa ndani ya mitungi mikubwa zisivunjike. Mimi nimekua naona vyungu vya Wakisi vikishushwa kwenye mitumbwi Lyulilo, ufukweni Ziwa Nyasa, nikasema kumbe wapakiaji wote akili moja.
Lakini kaka zangu, msisifu tu. Marekani walikuwa na Pride of Baltimore, nakala ya merikebu ya zamani, inazunguka bandarini kulitangaza jiji la Baltimore. Mei 1986 tufani ikaipindua kaskazini ya Puerto Rico, wakafa wanne, nahodha akiwemo. Iliyoifuata, ya mwaka 1988, wakaigawa ndani kwa kuta zisizopitisha maji. Uhalisia una mipaka, watu wanapanda humo.

Fundi_Mafinga:
Hapo dada umenena. Ila na sisi tulikuwa na mtepe, chombo cha zamani cha pwani yetu, nao wa kushonwa. Uliojengwa upya ukawekwa makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kwangu mimi chombo kisichoguswa na maji ni kabati. Tungetengeneza mwingine uende Muscat, ndiyo nauita ubalozi. Ngoma za kupokea wageni uwanja wa ndege tumezizoea.
Mtanga, swali la kifundi: hizo mbao na kamba mnapaka nini visioze?

Mtanga_Uyole:
Sifa, mafuta ya papa. Ukipaka asubuhi, shemeji hakufungulii mlango jioni.

Fundi_Mafinga:
Basi nitaenda kuipaka kwenye karakana ya jirani.